Wodi Nzima Ilisikia

Bariadi,
Jumatatu, 3 Machi 2025

Baba,

Tulimpoteza Kulwa Jumatano ya tarehe 14 Juni 2023, kabla ya saa sita mchana, katika wodi ya wanawake, akiwa na miaka thelathini na sita. Nimeanza na hilo kabla ya salamu kwa sababu nyumbani kwetu hakuna mtu aliyewahi kunitamkia, na mimi nimechoka kulizunguka kama ng'ombe anayezunguka kisima kilichofunikwa.

Sasa shikamoo. Mwangaluka. Mama naye mpe shikamoo yake, mwambie matobolwa yake ya viazi yamefika na vijana wa mashine wameyamaliza kabla sijaonja. Kazi zinaendelea. Afya yangu sitaiandika hapa juu, maana hiyo ndiyo barua yenyewe.

Jumanne iliyopita mashine ya kukoboa ilikuwa imejaa watu. Akaingia mama mmoja na debe la mpunga kichwani. Anaitwa Siwema, anauza vitenge sokoni. Nilikuwa sijawahi kumwona. Aliponitazama akasimama pale pale, debe likamponyoka, mpunga ukamwagika hadi chini ya mkanda wa mashine. Vijana wakacheka. Mmoja akamwambia, mama, bosi wetu ni mkali ndiyo, lakini hajafikia kiwango hicho. Yeye hakucheka.

Akaniambia, "Dada, mimi nilikuona unakufa."

Nikazima mashine.

Nilimkalisha juu ya gunia, nikampa maji, nikamwambia anaongea na Doto, aliyemwona ni Kulwa. Akanishika uso kwa mikono miwili kama anayekagua embe. Akasema mwezi huo alikuwa anamuuguza mama yake, kitanda cha pili kutoka kwenu. Anamkumbuka mzee mrefu mwenye koti la kaki, kiziwi, na daktari mmoja binti mwembamba ambaye kila akisema neno mzee anasema, "Eh?" Mwisho daktari akamvuta karibu akampigia kelele sikioni. Wodi nzima ilisikia, Baba. Siwema anasema hata wagonjwa wa koridoni waligeuza shingo. Alisikia "moyo". Alisikia "lupus". Alisikia "pacha", na hilo lilisemwa mara mbili. Hapo mama yake akaomba beseni, kwa hiyo yaliyobaki yalimpita.

Mimi niliambiwa malaria imempanda kichwani. Nililetewa habari hiyo kule Nassa kwa shangazi Domitila, mlikonipeleka mbio usiku ule ule ili nisisikie kilio. Shangazi alinivalisha bangili ya Kulwa juu ya yangu, akanikataza kulia, akanikataza kuuliza. Sikulia. Sikuuliza. Mpaka leo navaa bangili mbili na kaburi silijui liko upande gani wa shamba.

Unajua nina ugonjwa ule ule aliokuwa nao yeye, hiyo lupus. Wake ulijulikana 2019, wangu 2021: vipele vile vya usoni, vile vidole vya asubuhi vinavyokataa kukunjika. Mwezi Januari nilienda kliniki ya Mwanza nikasema siku hizi debe la mahindi linanikata pumzi. Daktari aliniuliza, katika familia yenu yupo mtu aliyekufa kwa moyo akiwa kijana? Nikasema hapana. Nilisema haraka, kwa kujiamini, kama mtu anayetaja jina lake. Akaandika hapana. Akaniambia nirudi Machi.

Ningepiga simu, lakini wewe na simu tunajuana: utasema "Eh?" hadi salio liishe. Marcelo nimempigia, kaka yangu wa tumbo moja, akasema nimuulize Baba, akakata.

Kwa hiyo nakuuliza kwa maandishi. Daktari alikwambia nini sikioni? Kliniki yangu ni Ijumaa tarehe 14. Mpe Constantine barua kabla ya Jumatano, gari lake linapita mbele ya mashine.

Mwanao,
Doto


Migato,
Jumapili, 9 Machi 2025

Binti yangu Doto,

Marahaba. Mwangaluka mayu. Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu. Mvua imekuja vizuri, pamba ya bondeni imefika kiunoni, ile ya juu inasuasua. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Mama yako mguu unamsumbua lakini mdomo hauna tatizo lolote.

Barua yako nimeipata mkononi mwa Constantine. Nimeisomea shambani peke yangu, kwa sababu mama yako anasema nikisoma barua nyumbani kijiji kizima kinakuwa kimepata barua. Mimi mwenyewe najiona nasoma polepole.

Nimeona umeanza na jambo kabla ya salamu. Sikukufundisha hivyo, lakini tuache.

Kuhusu dada yako, tangu aliposafiri, wewe unaujua utaratibu. Pacha hasemwi mbele ya pacha mwenzake. Sikuuanzisha mimi. Nikiwa mdogo mama yangu alikuwa na mapacha wanaonifuata, wavulana. Mmoja akasafiri kwa surua. Baba alikuwa amechanganyikiwa, akawaacha watu walie ndani ya nyumba, yule mwingine akiwa amekaa mlangoni anatazama. Wiki haikuisha, akamfuata mwenzake. Hilo sikuhadithiwa, mimi ndiye niliyekuwa nimembeba. Sasa ukiniuliza kwa nini tulikupeleka Nassa, jibu ni hilo, na ningekupeleka tena.

Huyo mama wa vitenge hakuona vizuri. Wazee viziwi wenye makoti ya kaki wodini ni wengi. Ilikuwa homa. Homa inafanya mengi mwilini na madaktari wanasema mengi.

Usijitie mawazo. Kula vizuri, umekonda, Marcelo kaniambia. Mama yako anakutumia samli chupa nzima na karanga. Tia samli kwenye uji asubuhi, itakurudishia nguvu.

Padri anakusalimu.

Baba yako,
Yakobo


Bariadi,
Jumamosi, 15 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na ndama ameshazoea mama yake. Samli imefika. Nimewapa vijana. Utaona sababu.

Jana nilikuwa Mwanza. Daktari wangu anaitwa Nasrin, mwanamke wa rika langu, haongei kwa haraka. Nilipimwa presha: 158 kwa 96. Nilipimwa mkojo: protini ipo, maana yake figo zimeanza kuguswa. Kisha nikalazwa kitandani wanibandike nyaya za kupima umeme wa moyo. Muuguzi akaniambia nivue bangili. Nikamwambia hizi hazivuliwi. Akasema, mama, chuma hakipendani na mashine yangu, au unataka nikupime bangili? Nikavua zote mbili. Nilizishika zimelala kwenye kiganja, nikasubiri kitu kitokee. Hakikutokea. Mkono ulikuwa na mstari mweupe kama wa saa.

Mchoro haukumpendeza daktari. Akanieleza nikamwelewa, nami nakueleza kama nilivyoelewa. Lupus ni kinga ya mwili inayomgeukia mwenye mwili. Sisi tunaiona usoni na kwenye viungo, tunadhani inaishia hapo. Inaingia hata kwenye kuta za mishipa ya damu, inazichubua taratibu, na mafuta yanapata pa kushikia. Figo zikiguswa presha inapanda. Vile vidonge vya prednisolone vinavyotutuliza maumivu, ukivila vingi kwa miaka, navyo vinaongeza presha na mafuta. Basi mwanamke wa miaka thelathini na kitu anatembea na moyo wenye mishipa ya ajuza, na hakuna anayejua, kwa sababu akilalamika kifua kila mtu anatafuta kitu kingine. Hana umri wa ugonjwa wa moyo.

Akasema kuna utafiti mmoja wa nje ulioonyesha kwamba wanawake wa kati ya miaka thelathini na tano na arobaini na nne wenye lupus walipata shambulio la moyo mara hamsini zaidi ya wenzao. Nikamuuliza, mara hamsini ya ngapi? Alicheka kidogo, akasema wagonjwa huwa hawaulizi hivyo. Ni mara hamsini ya kitu kidogo sana, kwa hiyo wengi wetu hakitupati. Lakini weka presha hapo juu. Weka figo. Na kama kuna pacha aliyekufa kwa moyo akiwa na ugonjwa huu huu, hiyo si hesabu ya kusubiri.

"Pacha wako alikufa kwa nini?" akaniuliza.

"Baba anasema homa."

Akaweka kalamu chini. "Na wewe unasemaje?"

"Mimi sikuwepo. Walinipeleka Nassa."

Baba, kipimo cha moyo cha kutembezwa kwenye mashine kina foleni, zamu yangu inaangukia Agosti. Akiwa na uhakika kuhusu Kulwa ataniandika dharura nitapimwa ndani ya wiki. Maneno ya muuza vitenge hawezi kuyapeleka kwa bingwa. Nilipita hospitali ile kuomba kumbukumbu za Kulwa, wakasema wanamtaka aliyesaini kumtoa. Aliyesaini ni wewe.

Sina ugomvi na wale baba zangu wadogo waliokufa kwa surua. Nasikitika kwa ajili yao, na kwa ajili yako uliyembeba yule mwingine. Ila surua inaambukiza, Baba. Yule mtoto alikaa kitanda kimoja na mwenzake. Hakuuawa na kilio.

Mimi na Kulwa mlitulea kwa kugawa sawa. Likipatikana yai moja, Mama alilikata katikati kwa uzi. Ukipata pesa ya gauni moja hukulinunua, ulisubiri mpaka upate ya mawili. Nilipofungua mashine hii kwa jasho langu, baada ya miaka ya kupima pamba za watu kule Kasoli, bado ulinikumbusha kwamba na Kulwa apate cherehani, nikamnunulia, sikunung'unika. Kila kitu sawa. Maneno ya daktari ndiyo peke yake mliyompa mmoja, na mlimpa yule ambaye hakuwa na masikio tena, mkamzika nayo.

Nijibu.

Mwanao,
Doto


Migato,
Jumapili, 27 Aprili 2025

Mwanangu Doto,

Mwangaluka. Najua nimechelewa. Pasaka imepita na sikukuandikia hata salamu. Nilikuwa nimeamua kutoandika.

Alhamisi Marcelo alirudi kutoka Bariadi. Hakunipa salamu zako. Alivuta kigoda, akakaa karibu na sikio langu. Ndipo akaninong'oneza kwa namna yake ya kuninong'oneza, ambayo kuku huwa wanakimbia, kwamba alikukuta mchana umekaa kwenye ngazi ya mashine, jasho linakutoka, mkono umeuweka kwenye taya. Ulimwambia ni jino.

Doto, yeye naye alisema ni jino.

Alikuwa amekuja kutusaidia kuvuna pamba. Siku ya Jumapili akakaa juu ya furushi, mkono kwenye taya. Mama yako akamchemshia majani ya mpera asukutue. Jumatatu ikashuka kwenye bega na mgongo. Tukasema ni lupus yake, viungo. Tulikuwa tumeyazoea maumivu yake, mayu. Mtu anayeumwa kila wiki mwisho hasikilizwi tena anapoumwa, na mwenyewe alitusaidia kutomsikiliza, kwa sababu alisema, "Msihangaike, mwili wangu mnaujua." Jumanne alitapika, zahanati wakampa dawa ya tumbo. Hata wao usiwalaumu, aliwaambia mwenyewe kwamba ni tumbo. Alfajiri ya Jumatano hakuweza kulala chali, alisema kuna gunia juu ya kifua chake. Marcelo akamfunga kiunoni kwa kitenge nyuma ya pikipiki, mimi nikafuata na gari la abiria.

Yule binti daktari alifanya kazi. Sitasema uongo juu yake. Aliposafiri, daktari alinifuata nilipokuwa nimekaa kwenye benchi, akaniambia mambo, sikusikia. Akanivuta sikio. Huyo mama wa vitenge aliona vizuri.

Alisema hivi. "Mzee, ni moyo. Mshipa wa moyo umeziba. Lupus ndiyo iliyoanza kazi hii." Akaniuliza kama una ugonjwa huo na wewe, kwa kuwa Marcelo alikuwa amemwambia mko wawili. Nikasema ndiyo, na yeye anao. Akasema, "Mlete huyo pacha apimwe moyo, asisubiri kuumwa. Pacha, mzee. Umenisikia?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Nilikuwa nimesikia. Nilitoka nje nikamwambia Marcelo haya yanabaki hapa. Akabisha. Nikamwambia mimi ndiye baba. Wewe umerithi hesabu kwangu, basi angalia hesabu yangu ya siku ile: nikisema, nitabaki bila mtoto. Nikinyamaza, nitabaki na mmoja. Nilikuwa nimeshaona watoto wawili wa mama yangu, na nilipokutazama kichwani mwangu nilimwona yule wa mlangoni. Kila mwezi uliokwenda ukiwa mzima nilisema, unaona, nilifanya vyema. Miezi ikawa inanipongeza.

Umeandika kwamba surua inaambukiza. Nimelala na neno hilo tangu Machi. Nina miaka sabini na minne na hakuna mtu aliyewahi kunipa wazo hilo. Lakini usidhani limeniondolea hofu. Hata sasa naandika mkono ukiwa mzito, na mama yako amenigeuzia mgongo kwa kuwa ameona ninachoandika, ingawa kusoma hajui. Anasema ananijua nikiandika hivyo.

Mpe Daktari Nasrin barua hii. Kumbukumbu nitazisaini, Marcelo atanipeleka keshokutwa.

Mama yako amegeuka sasa. Anauliza kama samli uliila. Nimemwambia uliwapa vijana. Amesema niandike neno lake moja: asile tena.

Baba yako,
Yakobo


Bariadi,
Jumapili, 8 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Mama, shikamoo. Mwangaluka wote. Natumaini mguu wa Mama umepata nafuu na mavuno yameanza vizuri. Mimi bado nipo. Naandika polepole kwa sababu wameniambia nifanye kila kitu polepole, jambo ambalo vijana wa mashine wanaliona kama sikukuu.

Barua yako niliipeleka Mwanza siku iliyofuata. Daktari Nasrin aliisoma akiwa amesimama. Alipofika pale pa taya akaniangalia, akaniuliza jino langu linaendeleaje. Nikamwambia sina jino bovu hata moja. Nililijua hilo tangu siku ya ngazi, Baba. Nilimdanganya Marcelo kwa sentensi ile ile ya Kulwa bila kujua kwamba ilikuwa yake.

Nililazwa siku ile ile. Walipima mafuta kwenye damu, wakakuta yako juu, nami nikakumbuka miaka ya uji wa samli. Daktari akasema nisiitupie samli lawama yote, ugonjwa wenyewe ungetosha. Wakanipandisha kwenye mashine ya kutembea. Unatembea hapo hapo bila kufika popote, na wao wanaongeza mwendo. Wakaizima kabla sijafika nusu. Bingwa akasema sehemu ya moyo haipati damu ya kutosha ninapofanya kazi. Haijafa. Neno hilo alilirudia, haijafa, ina njaa.

Sasa nameza dawa za presha, aspirini ndogo, kidonge cha kushusha mafuta, na dawa yangu ya zamani ya lupus ambayo nilikuwa naimeza siku nikiikumbuka. Prednisolone wanaishusha kidogo kidogo, nimekatazwa kuiacha ghafla. Presha juzi ilikuwa 132 kwa 84. Debe sibebi. Nimempa mmoja wa vijana funguo za mashine, na usiku nasikiliza kwa mbali kama ameifunga sawasawa.

Sitakuficha ninavyojisikia, maana tumeshafichana vya kutosha. Kidonge cha mafuta kinamezwa kimoja usiku. Kipo hapa Bariadi, duka la dawa la tatu kutoka kwangu. Kwa miaka miwili nimepita mbele ya duka hilo kila siku. Kama ungeniambia Juni ile, ningekuwa nimekimeza zaidi ya mara mia sita, na pengine ningeshuka kwenye ile mashine ya kutembea kwa miguu yangu mwenyewe. Daktari anasema pengine. Kwa neno hilo pengine nakudai, na najua huna cha kulilipia.

Lakini na mimi nina sehemu yangu. Nilipoambiwa malaria, niliikubali upesi. Malaria ni ya kila mtu, haikunihusu. Mimi ninayebishana na wateja juu ya kilo moja ya pumba, sikuuliza mtu wa miaka thelathini na sita anakufaje kwa malaria ndani ya siku tatu, bila hata kuchomwa kidole. Sikutaka kuuliza. Ule utaratibu wetu ulinifaa na mimi.

Na jambo lingine linaloniuma ni dogo. Wiki moja kabla ya mavuno yale Kulwa alinipigia simu, akasema siku hizi anachoka hata akikanyaga cherehani. Nikamwambia, pumzika, mimi nasimama mchana kutwa kwenye mashine na silalamiki. Akacheka. Akasema, "Haya, bosi." Hilo ndilo neno lake la mwisho nililo nalo.

Sasa nisikilize.

Jumatatu tarehe 16 nakwenda Dar es Salaam. Wataingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono, wafuate mpaka kwenye moyo, waone palipobana, na wakiweza wapanue papo hapo. Marcelo ananisindikiza. Nilikuwa nimeandika "nasafiri", nikafuta, kwa sababu najua neno hilo mmelipa kazi gani nyumbani kwetu. Katika barua zako zote tatu za kabla ya mwaka huu, na hizi mbili za mwaka huu, Kulwa anasafiri tu. Umeniandikia taya, umeniandikia bega, umeniandikia gunia juu ya kifua, na mwisho bado akasafiri. Mimi nakwenda Dar, na nina tiketi ya kurudi.

Kabla sijaenda nakuja Migato. Nitafika Jumamosi tarehe 14, ndiyo siku yake, inatimia miaka miwili. Nimemuuliza Daktari Nasrin kama kulia kunaweza kuudhuru moyo wangu. Akasema kwa hali niliyo nayo nisipande mlima, nisibebe gunia, nisigombane na vijana. Kulia naruhusiwa.

Nataka unipeleke kaburini. Marcelo anaweza kunionyesha, hilo najua, na hata Siwema wa vitenge amejitolea kunisindikiza, mtu ambaye hatuna undugu naye ila alimfunika dada yangu miguu siku ile kabla ya muuguzi kufika. Sihitaji wa kunionyesha. Nakuhitaji wewe. Nataka usimame pale nikiwepo, useme kwa sauti yako ile inayosomea barua kijiji kizima kwamba Kulwa alikufa, na kwamba alikufa kwa moyo. Kisha mimi nilie, nawe unitazame nikilia, ukae hapo mpaka nimalize, uone kama nitaanguka. Sitaanguka. Lakini nikienda kwenye mrija ule na kilio hiki cha miaka miwili bado kimenikaa kifuani juu ya kile kingine, sijui wataona nini humo.

Bangili yake nitakuja nayo mfukoni. Utaniambia tuiweke wapi.

Mama akikataa, mwambie amekata yai kwa uzi miaka yote, na hiki ndicho kipande changu.

Utasimama nami pale useme, au hutasimama? Andika ndiyo au andika hapana. Habari za mvua na ndama utanipa nikifika. Constantine anatoka Migato Alhamisi saa tisa alasiri, na saa kumi na moja nitakuwa nimekaa kwenye ngazi ya mashine nikimngoja. Asije mikono mitupu.

Mwanao,
Doto